Siku tisa za kuiandaa nyumba ya mama kwa macho ya wanunuzi

Nyumba tuliyoachiwa na mama yetu ilikaa sokoni miezi miwili bila hata mtu mmoja kutaja bei. Dalali alileta makundi kumi na moja ya watu, na kila kundi liliingia kwa uchangamfu, likapita sebuleni, jikoni, katika vyumba vitatu vya kulala na mabafu mawili, kisha likaaga kwa adabu likisema kwamba litatupigia simu. Simu haikuja. Kaka yangu aliamini kwamba kasoro ilikuwa katika bei, dalali akaamini kwamba msimu haukuwa mzuri, nami niliyekuwa nikiishi humo tangu mama afariki sikuona kasoro yoyote, kwa sababu macho yangu yalikwisha kuzoea kila kilichokuwamo. Hatimaye tulikubaliana kuiajiri kampuni inayofanya kazi ya kuandaa nyumba kabla wanunuzi hawajaja kuitazama. Tathmini hii inaihusu huduma hiyo: yale waliyoyafanya vizuri, ambayo ni mengi, na yale ambayo nisingependa mtu mwingine ayalipie.

Mkataba ulikuwa wa siku tisa. Ulijumuisha ukaguzi wa awali pamoja na ripoti ya maandishi, usafi wa kina, matengenezo madogo madogo, upakaji wa rangi, ukodishaji na upangaji wa samani, picha za tangazo, na msimamizi mmoja kuwapo siku ya kwanza ya wageni. Nusu ya malipo tuliitoa mwanzoni na nusu mwishoni. Katika ankara, kila kazi iliandikwa peke yake pamoja na gharama yake, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati, kwani ndilo linaloniwezesha leo kusema ni sehemu gani ya fedha yetu ilifanya kazi na ni sehemu gani ilipotea.

Msimamizi aliyetumwa kwetu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Alipofika hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, mlango ukiwa wazi, akavuta pumzi mara mbili au tatu, kisha akaniuliza, "Dada, kuna bafu humu ambalo halitumiki?" Nilishangaa, kwa maana bafu la wageni lilikuwa halijaguswa kwa karibu mwaka mzima. Tulipolifungua alichuchumaa penye tundu la sakafuni la kutolea maji, akamulika kwa tochi ya simu, akanionyesha kwamba mtego wa maji ulikuwa umekauka kabisa. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafuni kuna kipande cha bomba kilichopinda ambacho hubaki na maji muda wote, na maji hayo ni kizibo kinachoizuia hewa ya bomba la maji machafu isipande ndani ya nyumba. Bafu lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka, na hewa ile hupata njia. Alimimina nusu ndoo ya maji, akafungua dirisha, akafunga mlango, akasema turudi baada ya saa moja. Tuliporudi, harufu ile ilikuwa imekwisha. Nikafikiria makundi kumi na moja ya watu waliopita mbele ya mlango ule, kila mmoja akiisikia na kunyamaza kwa heshima, nikaona aibu.

Mama yule hakunilaumu. Alinieleza kwamba pua ya mtu huacha kuitambua harufu aliyokaa nayo, tena baada ya dakika chache tu, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba si shahidi mzuri wa nyumba yake mwenyewe. Alinituma nitoke nikatembee kwa muda mrefu, kisha niingie kama mgeni, polepole, bila kuwasha chochote. Nilipoingia nilisikia unyevu wa zulia la ukumbini, mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye kichujio cha feni ya jikoni, na harufu ya nguo zilizofungiwa kabatini muda mrefu. Mapazia yalifuliwa, kichujio kikalowekwa katika maji ya moto na sabuni, makabati yakaachwa wazi mchana kutwa, na zulia likatolewa moja kwa moja, kwa sababu upande wake wa chini ulikuwa umeota ukungu usioweza kufulika. Yeyote anayetaka kuuza nyumba anaweza kufanya zoezi hilo la kutoka na kuingia bila kumlipa mtu, na ningemsihi alifanye kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Kama ana rafiki mkweli asiyefika mara kwa mara, amwombe naye aje, kisha amwache aseme bila kumkatiza.

Ripoti yake ilikuwa ya kurasa nne, na mpangilio wake ulinifundisha zaidi ya maneno yaliyokuwamo. Ilianza na vinavyovuja, ikafuata na vinavyonuka, kisha vinavyozuia mwanga, kisha vinavyokwama au kupiga kelele, na mapambo yakaja mwisho kabisa katika nusu ukurasa. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa ukikwaruza sakafu kwa sababu bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Ilikazwa kwa skrubu ndefu zaidi na mlango ukafunga kimya. Silikoni iliyozunguka beseni la bafu ilikuwa imeota ukungu mweusi. Fundi aliikata yote kwa kisu, akapasafisha na kupakausha ndipo akaweka mpya, kwani silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Soketi iliyolegea, kitasa kilichochakaa na bomba linalodondoka yalimalizwa kwa siku moja, na sitayarefusha.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni doa la dari katika chumba cha nyuma. Lilikuwa doa la rangi ya kahawia, pana kama sinia, lenye ukingo mweusi zaidi kuliko katikati, na lilikuwapo kwa miaka. Kaka yangu alitaka lipakwe rangi asubuhi ile ile ili picha zipigwe jioni, na fundi wa rangi alikwisha kufungua ndoo. Msimamizi alimzuia. Alipanda ngazi, akalibonyeza doa kwa kidole gumba, akashuka na kutuonyesha kidole chake: kilikuwa na unga wa plasta, na unga huo ulikuwa umelowa. "Kaka," alimwambia ndugu yangu, "hapa maji bado yanaingia. Nikilipaka leo litarudi kabla hujauza, na likirudi mbele ya mgeni atajiuliza ni wapi pengine tulikopaka." Alieleza kwamba rangi ya maji peke yake haiwezi kulifunika doa la maji, kwa kuwa uchafu uliomo ndani ya doa huyeyuka tena katika rangi mbichi na kupanda juu yake, hata zikipakwa tabaka tatu. Uvujaji uzibwe kwanza, pakauke, ipakwe praima ya kuzuia madoa, na rangi ya kumalizia ije mwisho.

Sababu yake ya pili ilinigusa zaidi. Alisema kwamba yeye huandaa nyumba, hafichi ugonjwa wa nyumba. Alitukumbusha pia kwamba katika nchi nyingi muuzaji anayeijua kasoro kubwa na kuifunika kwa makusudi anaweza kudaiwa fidia hata baada ya kukabidhi funguo. Kaka yangu alikasirika, akaona kwamba tunalipa watu watucheleweshee kazi, na jioni ile hatukuzungumza. Leo naye anakubali kwamba mama yule alikuwa sahihi.

Fundi alipopanda juu aliukuta mfereji wa maji ya mvua umezibwa na majani yaliyooza, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yakirudi chini ya vigae vya paa na kuteremka kando ya boriti. Mfereji ulizibuliwa, vigae viwili vilivyopasuka vikabadilishwa, na chumba kikaachwa madirisha wazi na feni ikizunguka usiku na mchana kwa siku tatu. Siku ya nne msimamizi alikuja na kipimo cha unyevu chenye pini mbili za kuchomeka kwenye plasta, akapima kila upande, na hakuruhusu brashi iguse dari mpaka penye doa paliposoma sawa na sehemu kavu ya pembeni. Baada ya hapo aliandika kwa mkono wake, kwenye karatasi moja, tarehe, chanzo cha uvujaji na kilichotengenezwa, akabandika picha za kabla na za baada, akasema karatasi hiyo iwekwe mezani kwa kila anayekuja kutazama. Dalali hakuipenda kabisa. Alidhani tunawatangazia watu ubovu. Mimi niliiweka.

Kuhusu mwanga nitakuwa mfupi, ingawa badiliko lake lilionekana hata na jirani aliyepita barabarani jioni. Balbu za sebuleni zilikuwa zimenunuliwa moja moja kadiri zilivyoungua, kwa hiyo nyingine zilikuwa za 6500 K (kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), zenye mwanga mweupe wa kibuluu, na nyingine za 2700 K, zenye mwanga wa manjano, na ukuta mmoja ulionekana kuwa na rangi mbili. Zote zilibadilishwa kuwa 3000 K katika sebule na vyumba vya kulala, na 4000 K juu ya meza ya kazi jikoni. Namba hizo huandikwa kwenye boksi la balbu, na kazi yenyewe haihitaji fundi. Fimbo za mapazia zilirefushwa kila upande ili kitambaa kikivutwa kikae juu ya ukuta, kisizibe kioo. Vioo vya madirisha vilisafishwa asubuhi kabla jua halijavifikia, kwa sababu maji ya sabuni yakikaushwa na jua huacha michirizi. Rangi ya kuta ilichaguliwa isiyong'aa, kwa kuwa rangi inayong'aa huonyesha kila kovu la plasta, na plasta yetu ilikuwa na makovu mengi.

Kupunguza vitu kulikuwa kugumu kwangu kuliko kazi nyingine yoyote. Msimamizi alinielekeza niondoe karibu nusu ya vilivyokuwa katika makabati, kwa sababu mnunuzi huyafungua, na kabati lililofurika humwambia kwamba nyumba haina mahali pa kuweka vitu. Picha za familia, barua za benki, vyeti, dawa na vito vilifungwa katika masanduku na kuhamishwa. Lengo moja lilikuwa mgeni apate nafasi ya kujiwazia yeye akiishi humo, na lengo jingine lilikuwa usalama, maana watu tusiowajua wangepita katika kila chumba. Hayo yote niliyafanya bila kusita mpaka tulipofika kwenye kona ya cherehani.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliketi penye dirisha la kushoto la sebule, na kiti chake kwa kuburutwa mbele na nyuma kilichimba mifuo miwili myembamba katika mbao za sakafu, yenye urefu wa kiganja, laini kwa ndani kama iliyopigwa msasa. Katika mianya ya mbao kulikuwa na pini, vipande vya nyuzi za kila rangi na unga wa chaki uliogandamana. Fundi wa sakafu alikuja na hesabu ya kuziparua mbao zote na kuzipaka vanishi upya, kazi ambayo ingeongeza gharama kwa kiasi kikubwa. Msimamizi alipiga magoti, akapitisha kidole ndani ya mfuo mmoja, akaniuliza ni kitu gani. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama alichagua mahali penye mwanga mzuri kuliko pote humu. Msiparue. Toa nyuzi, paka nta, tuweke meza na kiti hapa hapa, anayekuja aone kwamba mtu anaweza kukaa akafanya kazi yake." Cherehani ilipelekwa kwa dada yangu. Nyuzi na pini nilizitoa mwenyewe kwa ncha ya sindano, nikazihifadhi katika kopo lake la vifungo. Kwa ushauri huo kampuni ilijinyima fedha ambazo tungeilipa kwa kuparua sakafu, na tangu siku ile nilimwamini mama yule kuliko mtu mwingine yeyote katika mauzo haya.

Sasa nieleze yale yasiyokwenda vizuri. Sehemu kubwa kuliko zote ya ankara ilikuwa ya samani za kukodi, na hiyo sitailipia tena. Kazi hii ilipoanza kupata jina lake nchini Marekani katika miaka ya 1970, ikihusishwa zaidi na Barb Schwarz, ilichukua neno la Kiingereza "staging", linalotokana na jukwaa la maigizo, na naona bado wapo wapambaji wanaoichukulia nyumba ya mtu kama jukwaa. Walioleta lori la samani walikuja siku ambayo msimamizi hakuwapo. Katika chumba kidogo walitandika kitanda kilichoonekana kizuri mno, mpaka nilipokipima kwa futi ya fundi nikakuta kina urefu wa sentimita 175, wakati kitanda cha mtu mzima kwa kawaida hufika 190 au zaidi. Kijana aliyekileta alinijibu bila kuficha kwamba kikiwa kifupi chumba huonekana kikubwa. Nilimwambia akiondoe, kwa sababu yule atakayenunua ataleta kitanda chake cha kweli siku ya kuhamia na atanikumbuka kwa ubaya. Kiliondolewa, ila fedha ya kukikodi haikurudishwa.

Sisemi kwamba samani hazina kazi. Katika nyumba tupu kabisa, watu wengi hushindwa kukadiria ukubwa wa chumba, na kitanda au meza ya kipimo halisi humsaidia mgeni kuona kama vyake vitaenea. Ikibidi kuchagua chumba kimoja, kiwe sebule. Hata ripoti za National Association of Realtors, chama cha mawakala wa nyumba cha Marekani, zimekuwa zikiitaja sebule kuwa chumba ambacho mawakala wa wanunuzi huona ni muhimu zaidi kukiandaa. Lakini sisi tulikuwa na samani zetu, nzito kidogo na za mtindo wa zamani, ambazo zingetosha kama nusu yake ingeondolewa na zilizobaki zikasogezwa mbali na njia. Mito ya mapambo, maua bandia na vitabu vilivyopangwa kwa rangi za majalada yake havikutajwa na mgeni hata mmoja. Waligusa mabomba, walifungua milango, walisimama penye madirisha.

Picha ziliniumiza zaidi. Mpiga picha alitumia lenzi pana mno, akaishika kamera chini karibu na magoti, na sebule yetu ikatoka kama ukumbi wa mikutano. Tangazo lilivutia watu wengi, na wawili wa kwanza waliingia, wakasimama katikati ya sebule, wakatazamana. "Kwenye picha palikuwa pakubwa," alisema mmoja wao, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepoteza safari yake. Nyumba ilikuwa safi na yenye mwanga kuliko wakati mwingine wowote, lakini wageni wale waliipima kwa picha, wakaiona imepungua. Niliomba picha zipigwe upya, kamera ikiwa kwenye kimo cha kifua na kwa lenzi isiyotandaza kuta. Kampuni ilibishana nami kwa siku nne kabla ya kukubali, na siku nne hizo, tangazo likiwa bado hewani, zilitupotezea watu ambao hawakurudi.

Kikosi cha usafi kilikuwa na bidii, ila baadhi ya vijana hawakufundishwa vya kutosha. Mmoja alilisugua jiwe la marumaru la dirishani kwa siki, na asidi ya siki hula marumaru kwa kuwa jiwe hilo ni la kalsiamu kaboneti, hivyo likabaki na wingu jeupe lililofifia katikati ya mng'ao. Kampuni ilikiri kosa na kumleta fundi aliyelisugua na kuling'arisha bila malipo, jambo ninalolipongeza. Mwingine nilimkuta bafuni akitaka kumimina dawa ya klorini juu ya dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko unaotoa gesi ya klorini yenye sumu, na nilimshika mkono kabla hajamimina. Hilo nililiripoti kwa maandishi. Kijana yule hakuwa mkorofi. Hakuambiwa na mtu, na mwenye kumtuma kazini ndiye aliyewajibika kumwambia.

Halafu kuna suala la manukato. Asubuhi ya wageni wa kwanza, kabla msimamizi hajafika, mtu mmoja wa kikosi alipuliza marashi ya chumba katika kila kona. Mgeni wetu mmoja, mama mwenye pumu, alikaa ndani dakika mbili akatoka nje akikohoa, na mumewe akaniuliza kwa upole kama kuna harufu tunayoifunika. Tulikuwa tumetumia siku nzima kuondoa harufu kwenye mizizi yake, na kwa marashi ya dakika moja tukaonekana watu wa kuficha. Msimamizi alipofika alifungua madirisha yote, na tangu hapo sheria yetu ikawa hewa safi tu: madirisha wazi nusu saa kabla, hakuna mapishi asubuhi hiyo, takataka nje, na maji katika kila mtego.

Siku yenyewe ya wageni ilikwenda kwa utulivu ambao sikuuzoea. Msimamizi alinishauri niondoke nyumbani kabisa, kwa kuwa mgeni hawezi kufungua kabati wala kusema analofikiri mbele ya mwenye nyumba, na tangu nilipoanza kufanya hivyo wageni walikaa muda mrefu zaidi, kama dalali alivyonieleza kwa mshangao. Taa zote ziliwashwa hata mchana, milango ya ndani ikaachwa wazi ili mwanga upite kutoka chumba hadi chumba, na vifuniko vya vyoo vikafungwa. Mezani ziliwekwa ile karatasi ya dari, ramani ya vyumba yenye vipimo, na bili za karibuni za maji na umeme zilizofutwa majina na namba za akaunti, kwa sababu hayo ndiyo watu huuliza wakifika mara ya pili. Nyumba haikufanyiwa zaidi ya hapo.

Ofa mbili zilikuja ndani ya wiki tano. Aliyenunua alitutembelea mara tatu, na mara ya pili alikuja na fundi wake, ambaye alisoma karatasi ya dari, akapanda juu ya paa kwa ngazi yake mwenyewe, akashuka, na hakulitaja tena suala hilo. Alichokiona ni bomba la chuma chini ya sinki la jikoni, lililoanza kuliwa na kutu kwenye maungio. Bomba hilo lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, pamoja na vinavyovuja, na sisi tuliliruka ili fedha zitoshe kwa samani. Mnunuzi alipunguza bei kwa kiasi kilichozidi mara kadhaa gharama ya kulibadilisha, na hatukuwa na hoja ya kumjibu.

Kwa hiyo, kwa mtu anayefikiria kuajiri huduma ya aina hii, ningemshauri alipie ukaguzi na ripoti bila kusita, alipie matengenezo na usafi akihakikisha kwamba aliyeandika ripoti ndiye atakayesimamia kazi hadi mwisho, na akatae kifurushi kinachomlazimisha kuchukua samani pamoja na vingine. Mkatabani iandikwe ni nani atakayepiga picha, kwa lenzi ya aina gani, na kwamba hakuna picha itakayotumika kabla mwenye nyumba hajaiona akiwa amesimama katika chumba chenyewe. Iandikwe pia ni dawa zipi za usafi zitaingia ndani ya nyumba na juu ya vitu gani. Kwa huduma niliyoipata, ukaguzi na usimamizi naupa alama za juu kabisa, matengenezo vilevile, usafi alama za katikati, na samani na picha alama za chini. Kama mama yule angefanya kazi hii kwa jina lake mwenyewe, ningemwita kesho.

Hati za umiliki zilichukua wiki saba kukamilika. Nyumba ilikuwa tupu muda wote huo, na kila Jumapili nilikwenda kufungua madirisha na kumimina nusu ndoo ya maji katika tundu la bafu la wageni.